Mtunzi wa Mafumbo ya Siku

Mafumbo ya kuhesabu siku gazetini nayatunga mimi, na kichwa kimenivimba kwa hilo. Jumapili nilisoma ujumbe wa mama mkwe kwenye simu: "Nitafika kesho kutwa, nipokee stendi." Jumatatu jioni mke wangu akauliza kama mama hajafika. Nikamchorea jedwali.

"Kesho kutwa ya Jumapili ni Jumanne. Tulia, unaongea na fundi."

Mlango ukagongwa. Mama mkwe huyo, vumbi tupu, mabegi mawili.

"Nimekusubiri tangu asubuhi."

Nikamwonyesha jedwali, kana kwamba litanitetea. Akalisoma kwa makini.

"Ujumbe niliutuma Jumamosi, baba. Wewe umehesabu tangu siku uliyousoma."

Kisha akatoa gazeti begini. "Na hili fumbo lako la wiki iliyopita, jibu ni Ijumaa, si Alhamisi."