Maoni Kuhusu Lango la Nyuma

Rachael Achola alipopewa kazi ya kukusanya maoni ya watu kuhusu namna ya kuiboresha kampasi, alifurahi kwa dhati, na furaha ile ndiyo iliyokuja kumtesa baadaye. Alikuwa mtumishi wa ofisi ya maslahi ya wanafunzi tangu kampasi ilipofunguliwa ukingoni mwa ziwa, nje ya Kisumu, kwenye barabara ya kwenda Bondo. Miaka yote hiyo kazi yake ilikuwa kuzima moto uliokwisha kuwaka: huyu kaibiwa godoro, yule kashikwa na malaria asubuhi ya mtihani, wale wawili wamepigana mpaka wakavunjiana madirisha. Hakuna aliyewahi kumuuliza nini kifanyike ili moto usiwake.

Sasa mkuu wa kampasi, Dakta Ondiek, alimwita ofisini, akamkaribisha chai, akamweleza kwamba wapo wafadhili walio tayari kusaidia. Sharti lao lilikuwa moja tu, kwamba mapendekezo yatoke kwa watu wenyewe, wanafunzi na majirani.

"Wewe wanakupenda," alimwambia. "Ukiwaita, watakuja."

Walikuja kweli. Rachael alianza na mabweni, akaenda madarasani, kisha akatoka nje ya ukuta mpaka Bichi, kijiji cha wavuvi na vyumba vya kupangisha kilichokuwa nyuma ya kampasi. Mabweni yalikuwa machache, kwa hiyo wanafunzi wengi walipanga huko. Mkutano ulifanyika kanisani, Jumamosi baada ya samaki kuuzwa, na watu wakajaa hadi mlangoni. Yeye mwenyewe alizaliwa Usenge, amekua akianika omena, wale dagaa wa ziwani, na mama yake, na wazee wa pale hawakumwita Madam kama wanafunzi walivyomwita. Walimwita nyar Usenge, binti wa Usenge, na akilisikia jina hilo alijiona yuko kwao.

Aliwaambia waseme bila kuogopa. Wakasema. Walitaka zahanati ya kampasi iwahudumie na majirani. Walitaka vijana wao wafikiriwe kazi za mikono zikitokea. Wengine walilalamikia maji machafu yaliyotiririka kutoka jikoni hadi kwenye mashamba ya sukuma wiki. Ndipo akasimama msichana mmoja mrefu, mwembamba, mwenye sauti ya chini iliyowalazimu watu kunyamaza ili wamsikie. Aliitwa Winny Nasambu, mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa afya ya jamii, mtu wa upande wa Bungoma.

"Mimi sina mengi," alisema. "Mtufungulie lango la nyuma."

Kanisa zima likaitikia kwa mguno. Lango hilo lilikuwa limefungwa tangu wezi walipoingia maabara na kubeba kompyuta. Zamani mwanafunzi alitoka chumbani kwake Bichi, akavuka lango, akawa darasani kabla chai haijapoa. Lilipotiwa kufuli, zikabaki njia mbili. Moja ilizunguka kwa barabara ya lami, na ilikuwa mbali kiasi cha kumfanya mtu afike amechoka kabla ya somo. Ya pili ilikata kando ya ukuta, ikapita kwenye mafunjo. Miaka ya mvua kubwa ziwa lilikuwa limepanda na kumeza mashamba, na lilipopungua halikurudi lote mahali pake. Pale palipokuwa na mahindi sasa palikuwa na tope na mafunjo marefu kuliko mtu, na viboko walipanda kula majani jioni na alfajiri. Nao wanafunzi walipita hapo hapo, kwa kuwa mwenye haraka hana njia mbili.

Mama mwenye nyumba alikopanga Winny alisimama naye. Aliitwa Waringa, lakini Bichi nzima ilimjua kama Mama Shiro. Alikuja Kisumu kutoka Murang'a akiwa bibi harusi, akauza viazi sokoni Kibuye mpaka akapata ploti yake, na Dholuo, Kijaluo cha wenyeji, alikisema kama aliyezaliwa nacho. "Nyar Usenge," alisema, "mkitunyima hayo mengine yote, hilo mtupe."

Rachael aliahidi kwamba hilo atalibeba mwenyewe.

Na alilibeba. Siku ya kikao cha wakubwa alilitaja kwanza kabla ya jambo lingine lolote. Aliwaeleza njia ya mafunjo ilivyo, maana alikuwa amekwenda kuipita kwa miguu yake, akaona nyayo za viboko tope likiwa bado bichi. Mkuu wa ulinzi, Bwana Owiti, alijibu kwamba lango likifunguliwa wezi watarudi, na kuhusu wanyama, hiyo ni kazi ya askari wa wanyamapori. Rachael akasema basi liwekewe mlinzi. Owiti akasema hana walinzi wa kutosha. Mjadala ukaenda na kurudi, mpaka Dakta Ondiek akaweka kalamu chini.

"Mama Achola, lango si mradi," alisema kwa upole. "Wafadhili wakija nitawaonyesha nini? Kufuli lililofunguliwa?"

Baadhi wakacheka. Kikao kikapitisha chemchemi ya maji ya kuruka, bustani ya kupigia picha za mahafali, na lango kuu jipya la mawe lenye jina la chuo. Katika maelezo yaliyopelekwa kwa wafadhili, yote hayo yalisemekana kuwa maombi ya jamii.

Rachael hakukubali yaishie hapo. Alimfuata Dakta Ondiek ofisini mara nyingine, na mara nyingine tena. Aliambiwa avute subira hadi uzinduzi upite. Mwisho akajikokota hadi Bichi kuwapa watu majibu, kwa sababu aliona ni aibu wayasikie kwa upepo. Aliwakuta Winny na Mama Shiro wakichambua mboga barazani. Aliwaeleza yote bila kuficha. Mama Shiro alitikisa kichwa tu, akaendelea na mboga zake. Winny alimtazama muda mrefu, si kwa hasira, bali kama mtu anayejaribu kuelewa somo gumu.

"Sasa Madam, mlikuwa mnatuuliza nini?"

Rachael aliaga. Alirudi nyumbani akakaa na swali hilo kama mwiba uliovunjikia ndani.

Mitihani ilianza mwezi uliofuata. Asubuhi moja ukungu ulitanda kutoka ziwani mpaka juu ya mapaa, na Winny, aliyekuwa na karatasi ya kwanza, alitoka mapema akiwa amevaa sweta na mkoba mgongoni. Mama Shiro alikuwa akiwasha jiko. Alimwambia apitie barabarani. Winny akajibu kwamba atachelewa na kwamba kumeshapambazuka, akaondoka. Punde watu walisikia kishindo kwenye mafunjo, kisha ukelele mmoja, kisha kimya.

Wavuvi waliokuwa wakirekebisha nyavu walikimbia na makasia, wanawake wakapiga masufuria. Kiboko jike, mwenye ndama, alikuwa amekwisha kurudi majini. Winny alikuwa amelala kwenye tope kando ya njia, paja na ubavu vimeraruliwa, lakini macho yalikuwa wazi na alipumua. Walimweka juu ya turubai la kuanikia omena, wakambeba wanne. Hakukuwa na haja ya kushauriana wampeleke wapi. Zahanati ya kampasi ilikuwa pale pale nyuma ya ukuta, paa lake likionekana juu yake. Walikimbia naye hadi lango la nyuma.

Mlinzi aliyekuwa karibu upande wa ndani aliwaona, akaanza kujipapasa mifukoni ingawa alijua fika hana ufunguo. Ufunguo uliwekwa ofisini kwa Bwana Owiti, na Bwana Owiti alikuwa hajafika kazini. Mlinzi akakimbilia ofisini, akaukuta mlango umefungwa, akarudi analia. Huko nje watu walilitikisa lango kwa mikono mitupu.

Rachael alikuwa ndiyo kwanza afike. Alisikia kelele, akakata bustani mbio, viatu vikamtoka. Alipolifikia lango alimwona Winny kupitia nondo, amelazwa chini, turubai limejaa damu, na Mama Shiro amempakata kichwa. Rachael akapiga magoti, akapitisha mkono kati ya nondo mpaka bega likakwama, akaushika mkono wa yule msichana. Ulikuwa baridi na una tope.

"Niko hapa, Winny. Wanakuja kufungua."

Winny alisogeza midomo. Aliuliza kama mtihani umeanza.

"Bado," Rachael akamwambia. "Bado hawajaanza. Watakungoja."

Mafundi waliokuwa wakijenga lango kuu jipya walisikia vurugu wakaja na nyundo zao. Walipiga kufuli pigo baada ya pigo, nalo likakataa, kwa kuwa lilichaguliwa liwe kufuli la kukataa. Lilipokatika na lango kufunguka kwa mlio wa kutu, muuguzi alikuwa amekwisha kufika na machela. Aliinama, akamgusa Winny shingoni, akangoja, akamgusa tena. Kisha akainua macho akamtazama Rachael, ambaye bado alikuwa ameushika ule mkono.

Walimzika kwao, kwenye shamba la mahindi linaloutazama Mlima Elgon. Chuo kilitoa basi na shada la maua. Dakta Ondiek alisoma hotuba kuhusu kijana mwenye bidii aliyekatizwa na ajali isiyoweza kuzuilika, na watu wa Bichi waliokuja na basi hilo wakatazama chini. Baada ya chakula baba wa marehemu, Mzee Wakhisi, alimtafuta Rachael katikati ya waombolezaji. Alikuwa mzee mfupi, mwenye koti kubwa lililoonekana la kuazima.

"Binti yangu aliniambia kuna mama chuoni aliyewauliza wanataka nini," alisema. "Ni wewe?"

"Ni mimi, Baba."

"Alinipigia simu siku hiyo hiyo. Alifurahi sana. Alisema wamesikilizwa."

Alimshika mkono, akamshukuru kwa kuja, akaenda kuwapokea wengine. Rachael alikwenda nyuma ya jiko la wapishi akasimama peke yake. Angelaumiwa, angepata la kujibu, au walau angelia. Kwa shukrani ile hakujua afanye nini.

Lango la nyuma lilifunguliwa. Wafadhili walikuwa wamesoma habari magazetini, wakauliza maswali. Wiki chache baadaye Dakta Ondiek alimwita tena Rachael, na safari hii hakukuwa na chai. Alimwambia kwamba chuo kingependa kuliita lango hilo kwa jina la marehemu, kuwe na bamba la shaba na sherehe ndogo, na kwamba ingefaa Rachael aitishe mkutano mwingine kanisani, watu watoe maoni yao kuhusu namna bora ya kumkumbuka.

"Sitawaita," Rachael alisema.

Dakta Ondiek alidhani hakusikia vizuri.

"Niliwaita mara moja wakaja, Daktari. Walichosema unakijua. Kama kuna cha kuwauliza tena, kawaulize mwenyewe, ukapitie kwenye mafunjo."

Alihamishiwa stoo ya vifaa kabla ya mwezi kwisha. Aliyeshika nafasi yake aliitisha mkutano, na kanisani wakaja wanafunzi wawili na mchungaji. Bamba lilibandikwa hivyo hivyo, likapigwa picha. Chemchemi nayo ikazinduliwa, ikarusha maji hadi mota ilipoungua.

Kisha ikaja amri kutoka ofisi ya ulinzi kwamba lango la nyuma litafungwa kila siku saa kumi na mbili jioni. Madarasa ya jioni yalikwisha saa moja. Rachael alipoisoma amri hiyo ubaoni aliisoma tena, akidhani macho yamemdanganya. Wanafunzi walianza tena kupita kwenye mafunjo, huku wameshikana mikono na kumulika na simu.

Hakuandika malalamiko. Hakwenda kwa mtu yeyote. Siku iliyofuata, kazi ilipokwisha, alichukua kiti cha plastiki kutoka stoo, akakipeleka hadi langoni, akakiweka pale ambapo bawa la lango lilipita likifungwa, akaketi. Mlinzi alikuja na mnyororo. Ni yule yule aliyelia siku ile. Alisimama, akautazama mnyororo, akamtazama mama aliyeketi.

"Madam, mimi nina amri."

"Najua. Nami nimekaa."

Mlinzi hakumsukuma. Alikwenda kumwita Bwana Owiti, naye Bwana Owiti akaja, akasema mengi kwa sauti kubwa, akataja nidhamu, akataja kufukuzwa kazi. Rachael alimsikiliza hadi mwisho na hakuinuka. Mvua ya rasharasha ilianza. Madarasa yakatoka, wanafunzi wakaja wakiwa makundi makundi, wakampita huku wengine wakimsalimu na wengine wakiwa na simu masikioni, wasijue yeye ni nani wala kwa nini ameketi pale. Wa mwisho alipovuka, aliinuka, akabeba kiti chake, akamwacha mlinzi afunge.

Alirudi jioni iliyofuata, na zilizofuata. Barua ya onyo ilikuja, kisha ya pili. Mama Shiro alipopata habari alianza kumletea chai ya chupa, akaketi naye juu ya jiwe upande wa nje, wakawa wanazungumza habari za bei ya omena na za watoto wao. Winny hawakumtaja. Huko kwenye mafunjo viboko walikoroma giza likiingia, na kila wakikoroma, wale wanawake wawili waligeuka kutazama upande wa madarasa kama kuna mtu anayekuja.