Kilo za Mshahara

Waliohudhuria kikao cha familia, Jumamosi ya pili ya mwezi wa Juni, nyumbani kwa Mzee Ezekieli Mwalongo, Mjimwema, Njombe, walikuwa hawa: Mzee Ezekieli mwenyewe, mzee wa usharika, mwenyekiti; mdogo wake Patrick, mfanyakazi wa benki, aliyekuja kwa basi kutoka Dar es Salaam; Yonathani, mtoto wa kwanza wa Ezekieli, mwalimu wa hisabati huko Kidugala; Jackline, kitindamimba wa Ezekieli, mwenye shahada na asiye na ajira, katibu; Hulda, mjane wa ndugu yao wa kati, kibarua katika stoo ya viazi mjini Makambako; na Anneth, binti pekee wa Hulda, mtaalamu wa maabara katika zahanati moja ya Kitandililo, ambaye kikao kiliitwa kwa ajili yake. Mizani nayo ilikuwapo, katikati ya sebule, juu ya gunia lililokunjwa ili isichubue sakafu.

Ajenda ilikuwa moja. Hospitali binafsi ya Dar es Salaam ilikuwa imemwandikia Anneth barua ya kumpa kazi kwa mshahara wa shilingi milioni moja na laki tano. Kitandililo alikuwa akilipwa laki saba na ishirini. Jibu lilitakiwa Jumatatu.

Anneth aliitaka kazi ile, wala hakumficha mtu. Katika zahanati yake alitumia hadubini ya kioo, ile inayoomba mwanga kwa jua, na mwezi wa Juni ukungu ukitanda wagonjwa hukaa kwenye benchi hadi saa tano wakingoja jua litoke ndipo damu yao isomwe. Dar es Salaam walikuwa na mashine inayohesabu chembe za damu kwa dakika moja. Walimtumia picha yake. Alikuwa ameitazama mara nyingi kuliko msichana mwingine anavyotazama picha ya mchumba. Lakini ukoo wa Mwalongo ndio uliomsomesha baada ya baba yake kufariki, kwa miti iliyokatwa na ng'ombe aliyeuzwa, na neno la ukoo lilikuwa na haki ya kusikika kabla ya lake.

"Mtu akitaja mshahara kwa mdomo," Mzee Ezekieli alianza, baada ya sala, "huuongeza mbele ya wakwe na huupunguza mbele ya ndugu. Kwa hiyo leo hatutatajiana. Tutapima."

Mizani ile ilinunuliwa miaka sita iliyopita na kikundi cha wakulima, ili viazi viuzwe kwa kilo na wanunuzi waache lumbesa, yale magunia yanayojazwa hadi mdomoni kisha yakaongezewa kilemba juu. Wanunuzi waliitazama, wakaisifu kwamba ni mizani nzuri, wakaenda kununua kijiji cha pili. Ikabaki kwa Mzee Ezekieli. Ilipokosa viazi vya kupima ilikaa kimya mwaka mmoja, kisha bwana shamba akaikanyaga siku ya mshahara, na mshale haukusoma mwili wake. Ulisoma kile ambacho kazi yake ilimbakishia baada ya mahali anapoishi kuchukua chake. Tangu hapo familia za Mjimwema huiazima kabla ya posa na kabla ya kuchagua vyuo. Hurudishwa ikiwa imefutwa vumbi.

Jackline alikuwa amechora jedwali: jina, kazi, mkoa, mshahara, kilo. Kila mtu aliweka kwanza bahasha yake ya ahadi ya kanisa mezani, kwa kuwa ya Mungu hayapimwi pamoja na ya tumbo.

"Patrick, panda."

"Kaka, mimi nimekuja kutoa ushauri. Sikuja kupimwa."

"Ushauri wako ndio tunaoupima. Panda."

Baba mdogo Patrick alikuwa amekaa tangu asubuhi akishikilia mikono ya kiti kwa nguvu zote. Aliinuka taratibu, akavua viatu vyake vizito, akapanda. Jackline akasoma jedwali: benki, Dar es Salaam, milioni mbili na laki tatu. Mshale ulitikisika, ukasimama.

"Tisa," Jackline alisema.

"Soma vizuri, mwanangu."

"Ni nane na nusu, baba mdogo. Hiyo nusu nyingine nimekupa kwa heshima."

Hulda alicheka hadi akashika mbavu. Patrick hakukasirika. Alieleza kwamba jijini hilo ni jambo la kawaida. Ofisini kwao viti vina mikanda, na tarehe kumi ikipita, kodi ya nyumba, mikopo, ada na nauli zikiwa zimeshachukua zao, kila mtu hujifunga kabla feni hazijawashwa. "Lakini mtu unazoea," alisema akivaa viatu. "Na heshima ipo. Nikisema benki, watu wananipisha."

"Wanakupisha au unapeperuka?" aliuliza Hulda.

"Shemeji, utasema mengi. Subiri zamu yako."

"Mimi zamu yangu haimo kwenye karatasi hiyo. Nimeiangalia."

Yonathani alipanda akiwa na mabuti yake. Mwalimu, Kidugala, laki nane na kumi. Mshale ulipanda hadi thelathini na nane, na Patrick akapiga makofi kwa uchungu kidogo.

"Thelathini na nane! Chaki inalipa, kumbe."

Mzee Ezekieli hakupiga makofi. Alitazama mabuti. "Vua."

"Baba, sakafu ina baridi."

"Vua, mwalimu. Wanafunzi wako hufanya mtihani bila kitabu."

Yonathani aliketi, akavua, akageuza buti moja baada ya jingine. Udongo mwekundu ulimwagika, udongo wa ekari tatu za viazi na miparachichi, ukatengeneza kichuguu kando ya mlango. Alipopanda tena mshale ulisoma kumi na nne. Jackline alifuta, akaandika upya.

"Kumi na nne ni za ualimu," Mzee Ezekieli alisema. "Ishirini na nne ni za jembe."

"Kwa hiyo watoto wa Kidugala wanafundishwa hisabati na viazi," Hulda alisema, na mwalimu mwenyewe akacheka kuliko wote. Hakuwa na kinyongo. Alikuwa mtu aliyejua hesabu yake siku nyingi, na alilala vizuri.

Jackline alijipima mwenyewe kwa ajili ya kulinganisha, kwa maana jedwali lolote, alisema, linahitaji mahali pa kuanzia. Shahada, Njombe, hana ajira. Mshale haukusogea hata unywele.

"Sifuri safi," alisema kaka yake. "Hata darasani huipati sifuri iliyonyooka namna hii."

Kisha ikafika zamu ya Anneth. Alipanda kwanza akiwa na hati yake ya mshahara wa Kitandililo mkononi: kumi na saba. Akashuka, akachukua barua ya Dar es Salaam, akapanda tena. Mshale ulianza kwa kishindo, ukafika thelathini, na kwa muda mfupi Anneth aliiona mashine yake ikimulika taa za kijani. Halafu ukaanza kurudi. Ulirudi kwa hatua, kama mtu anayeteremka ngazi: ukapita ishirini na mbili, ukapita kumi na tano, ukapumzika kumi na moja, ukasimama sita.

Patrick alikohoa.

"Sita ni za mwaka wa kwanza," alisema kwa upole. "Mtu hupandishwa. Mimi nilianza na nne. Na zahanati haitakufundisha kitu kipya, mwanangu, hilo mizani haiwezi kulisema. Kuna uzito wa kichwani."

Anneth alijua kwamba baba yake mdogo alikuwa akisema kweli. Ndiyo maana hakushuka haraka. Alisimama na barua yake, akatazama jedwali la Jackline, mistari yake iliyonyooka, safu zake tano, na jina lililokosekana.

"Baba mkubwa," alisema, "mama hajapimwa."

"Jedwali lina safu ya mshahara," alijibu Mzee Ezekieli. "Shemeji hana mshahara. Analipwa kwa gunia."

"Anafanya kazi siku sita."

"Sikukataa kwamba anafanya kazi. Nimesema safu haipo."

Alikuwa mtu wa haki, na kosa lake lilikuwa la mtu wa haki: aliamini kwamba kisicho na safu hakijatokea. Alifikiri kidogo, akamwambia Jackline aongeze mstari chini ya jedwali. Jackline akaupiga kwa rula.

Hulda alivua kandambili, akaweka kikombe chake cha chai mahali ambapo hakitamwagika, akapanda. Stoo ya viazi, Makambako, shilingi mia sita kwa gunia, magunia ishirini kwa siku yakipatikana, sindano na uzi wa kushonea juu yake mwenyewe. Mshale uligusa sifuri ya Jackline, ukaipita upande wa kushoto, kule ambako kiwanda hakikuandika namba. Miguu ya Hulda iliachana na bamba la mizani. Akawa juu kiasi cha upana wa kiganja, kisha viganja viwili, na kitenge chake kikaanza kupepea ingawa madirisha yalifungwa. Jackline alimshika pindo kwa mkono wa kushoto, huku akiandika kwa wa kulia.

"Jumamosi ndivyo ninavyokuwa," Hulda alieleza kutoka juu. "Jumatatu si sana. Ninafikia buibui wa pembeni bila ngazi. Anneth anajua."

Anneth alikuwa anajua. Kitandililo walikokaa pamoja, jioni za Jumamosi hufunga dirisha kwanza, kisha humshika mama yake mkono hadi chakula kiive, na wote wawili walikuwa wameacha kulizungumzia jambo hilo.

Mzee Ezekieli alichukua rula, akapima umbali wa mshale kutoka kwenye sifuri. "Nne," alisema. "Nne pungufu ya hakuna."

Yonathani akalifafanua kwa utaratibu, kwa kuwa ndiyo kazi yake. Tajiri wa stoo humlipa mama mdogo kwa gunia la kilo mia moja. Mama mdogo huchambua, hujaza na kushona gunia lenye kilo mia na thelathini, na wakati wa msimu mia na hamsini. Kile kilemba cha juu hakilipwi na mtu. "Kwa hiyo uzito wake haukupotea," alimaliza. "Uko Dar es Salaam, sokoni, juu ya magunia."

"Basi tunakula nao huko," Patrick alisema. Kwa mara ya kwanza siku ile hakutabasamu.

"Kwa hiyo mimi niliyekaa bure miaka miwili," Jackline aliuliza, kalamu ikiwa hewani, "ninamzidi mama mdogo kilo nne?"

"Andika kama ilivyo," baba yake alisema.

Iliandikwa kama ilivyo. Mzee Ezekieli alipendekeza barua kwa tajiri wa stoo, kisha akakumbuka kwamba barua tatu zilishaandikwa na kikundi, kwa lugha ya adabu, na kwamba tajiri alizijibu zote akiwashukuru, na kila alipojibu kilemba cha gunia kiliongezeka. Pendekezo likaondolewa bila kupigiwa kura. Patrick akashauri shemeji aache kazi, kwa kuwa akiacha atapanda hadi sifuri.

"Nikae nyumbani nizeeke kwa usafi?" Hulda alisema. "Pale stoo tuko wanawake kumi na wawili. Tunaimba, tunasengenya, Dorika anatupikia uji. Nikitoka mimi, Jumatatu ataingia mwingine, naye ataelea. Afadhali mimi, nimeshajua kuelea."

"Basi nenda na Anneth, mkae wote Dar."

"Joto lile? Nitaoza kama kiazi kwenye mfuko wa nailoni."

Anneth hakucheka pamoja na wengine. Alikuwa bado karibu na mizani. Alipanda tena akiwa na barua ya Dar es Salaam, akanyoosha mkono, akamvuta mama yake hadi wote wawili wakawa juu ya bamba. Mbili. Visigino vyake mwenyewe vililegea. Alilisikia bamba likimwachia, taratibu, kama maji yanavyomwachia mtu anayejua kuogelea. Halikuwa jambo baya. Angeweza kulizoea, kama baba mdogo. Akaweka barua mezani, akachukua hati ya Kitandililo, bila kuuachia mkono wa mama yake. Kumi na tatu. Miguu minne ilitulia juu ya chuma, na mama yake akavuta pumzi ndefu kama mtu aliyefika nyumbani akatua mzigo.

Aliitazama picha ya mashine kwenye simu. Iliendelea kuwa nzuri. Alijua kwamba ataitaka Jumatatu, na mwakani pia, na kwamba hakuna mshale wa kusoma jambo hilo. Mama yake alikuwa ameanza kumweleza Patrick namna ya kuhifadhi viazi visichipue.

"Anneth," Mzee Ezekieli alisema, "ukoo umepima. Kusema ni kwako."

Anneth alishuka kwenye mizani, akamshusha na mama yake, akaunganisha mikono mbele kama anavyosimama mtu kutoa tangazo kanisani, akaanza kwa salamu ya Kibena.

"Kamweni, wazee wangu. Nashukuru kwa kunisomesha, na nashukuru kwa siku ya leo. Barua ya Dar es Salaam nitaijibu mwenyewe, kwa adabu, kwamba siendi. Nabaki Kitandililo. Mama ataendelea na stoo kwa kuwa ameichagua, tajiri ataendelea na magunia yake kwa kuwa hakuna wa kumzuia, na jioni mama na mimi tutakuwa kumi na tatu. Zinatutosha. Dada Jackline, liandike hilo kama uamuzi, si kama maoni. Kisha tusali, tule."