Roketi Niliyoisugua Miezi Minane

Nimesema uongo mwingi maishani, lakini ule wa mwaka wa sitini na nane niliusema kwa msasa.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Tulikaa shambani, nje ya mji mdogo wa Nebraska, sisi watatu tu: baba yetu Emil Kubicek, dada yangu Arlene, na mimi, Rosalie. Mama alifariki nikiwa na miaka minne. Arlene alikuwa na kumi na tatu, na kesho yake baada ya mazishi alishika jiko na hakuliachia tena. Alinisuka nywele, akanifundisha kusoma, akanichapa nilipostahili, na mara moja nisipostahili, jambo ambalo namkumbusha mpaka leo.

Mwezi wa kumi, siku yangu ya kuzaliwa, aliniagizia kwa posta roketi ya kuunga mwenyewe. Msinicheke. Miaka ile nchi nzima ilikuwa imekaza shingo kutazama juu, na watoto tulikuwa hivyo hivyo. Ilikuja katika boksi jembamba: bomba la karatasi ngumu, pua ya mti wa balsa ambao ukiukwaruza kwa kucha unaacha alama, kibao cha mti huo huo cha kukatia mapezi manne, parachuti ya plastiki, na karatasi ya maelekezo. Nililala nayo kitandani siku ile, boksi na vyote vilivyokuwamo.

Wiki hiyo hiyo ikaja barua nyingine. Arlene alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi Omaha. Darasa moja lilianza mwezi wa pili, jingine mwezi wa sita, na akikosa yote mawili nafasi inapewa mtu mwingine. Nilipoisikia ikisomwa mezani nilisukuma sahani yangu kando. Nikagoma kula. Siku ya kwanza, ya pili, na siku ya tatu Arlene akaoka kolache, mikate yetu ile myororo yenye jamu ya plamu katikati, akaniletea mbili chumbani zikiwa za moto.

"Kula."

"Sitaki."

"Kula, kichwa ngumu wewe. Sikiliza. Siondoki mpaka roketi yako iruke. Unasikia? Ikisharuka ndiyo nakwenda."

"Kweli?"

"Nimewahi kukudanganya?"

Hakuwahi. Nikala zote mbili, na sikuwa nimemaliza ya pili nilipojua nitakachofanya.

Kuiunga yenyewe si kazi. Wiki mbili, gundi imekauka, mapezi yamesimama wima, ningeweza kuirusha kabla ya Noeli. Lakini balsa ina mistari na vinyweleo, na ukiipaka rangi hivi hivi inatoka na makunyanzi. Kwa hiyo kwanza unaipaka vanishi ya kuziba, inakauka, unasugua kwa msasa, unapaka tena, unasugua tena. Karatasi iliandika: mara mbili. Mimi nikaona mlango. Kwani ni nani awezaye kusema mti umekuwa laini vya kutosha?

Majira yale ya baridi yote tulikaa chini, kwenye chumba cha tanuru la kupashia nyumba joto, mimi nimetandika magazeti sakafuni, Arlene kwenye kiti chake anamenya viazi au anashona soksi za baba. Juu upepo unapiga nyumba, chini kuna joto na harufu ya vanishi. Nina miaka sitini na tisa sasa, na nikipita duka la rangi nikanusa harufu ile nasimama njiani kama mpumbavu, watu wananipita. Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile tena, na nilijua ni ya wizi.

"Vipi, tayari?" Arlene alikuwa akiuliza.

"Bado. Pitisha kidole hapa."

Anapitisha kidole. "Mbona laini? Kama shavu."

"Shavu la nani? La baba?"

Baba alinyoa Jumapili tu. Arlene alikuwa akicheka mpaka kiazi kinamponyoka, nami nafungua kichupa, napaka tena.

Baba hakuwa mtu wa maneno, lakini mwezi wa kwanza alishuka kuchochea tanuru akasimama akinitazama.

"Mama," akaniambia, "hiyo ni roketi au jeneza la askofu?"

"Haraka haraka haina baraka, baba."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo," akasema, akapanda zake ngazi.

Mwezi wa pili ukafika, ukapita. Arlene akaandika Omaha kwamba atakuja na darasa la mwezi wa sita. Vanishi ilipoisha alininunulia chupa nyingine mjini. Ile nayo ilipoisha akaleta ya tatu, akaiweka mezani pamoja na sukari na chachu. Nilimwona mjinga, Mungu anisamehe.

Theluji ilipoyeyuka nikaingia kwenye rangi. Nyeupe, kisha nyeupe juu ya nyeupe. Mapezi nikayapiga nyekundu, nikasema nyekundu imenichosha, nikayapiga buluu. Nilihesabu: mapezi yale yalipakwa mara kumi na moja. Na bado ningeendelea, ila Ijumaa moja mwishoni mwa mwezi wa tano, wiki moja kabla ya darasa kuanza, baba aliweka uma wake chini.

"Kesho asubuhi," akasema, "kabla upepo haujaamka. Itaruka, au itaingia kwenye tanuru. Nimemaliza."

Asubuhi alihamisha ng'ombe, akaingiza pikapu kwenye malisho, akafungua boneti. Nyaya mbili zilitoka kwenye betri mpaka kwenye kibao chenye kitufe, na kutoka hapo mpaka kwenye ufito wa chuma tuliousimika ardhini. Arlene aliinyunyizia parachuti poda ya watoto isigandane, akaikunja, akaishindilia ndani ya bomba. Mota yake ilikuwa kijibomba cha baruti kisichozidi kidole gumba. Tukaivisha roketi kwenye ufito. Ilimeta vizuri mno. Sijatengeneza kitu kizuri kama kile, na nimezaa watoto wanne.

Baba akahesabu. "Tano. Nne. Tatu. Mbili. Moja."

Sikubonyeza.

"Moja," akarudia baba. "Binti, baada ya moja hakuna namba nyingine."

Nikamtazama Arlene. Alikuwa akitazama barabara, si roketi, anajiuma mdomo. Nikabonyeza.

Ikatoa mlio kama mafuta ya moto yaliyoingia maji, ikapanda ufito, ikafika juu ya paa la zizi, si zaidi. Hapo mkia ukailemea. Ikapinduka, ikazunguka zunguka hewani kama kuku aliyechinjwa, ikaanguka nyasini ikifuka moshi. Tukasubiri. Baada ya kitambo ikapasuka kidogo, ikatema pua na parachuti palepale chini.

Nikakimbia, na sioni aibu kusema kwamba nilikimbia kwa furaha. "Haikuruka!" nikapiga kelele. "Wote mmeona. Haikuruka."

Arlene aliiokota, akaipimapima kiganjani. Baba akaja, akaishika na yeye, akacheka puani.

"Nyuma nzito," akasema. "Mtoto ameipaka mpaka imekuwa jembe."

"Karatasi inasema mara mbili," Arlene akasema taratibu.

Nikamkodolea macho. "Ulijua?"

"Najua kusoma, Rosalie. Ile chupa ya pili nani alikununulia? Na ya tatu?"

"Sasa mbona hukusema?"

Alisugua pezi moja kwa kidole, lile la buluu, kama alivyofanya kila siku kule chini. "Kwa sababu naogopa," akasema. "Nina miaka ishirini na moja na sijalala nje ya nyumba hii hata usiku mmoja. Kila uliposema bado, nilishukuru." Kisha akasema, haraka haraka, "Tunaweza kukata mapezi mapya. Wiki tatu tu, tukiagiza mti leo."

Wiki tatu. Darasa lingekuwa limekwenda, na nafasi nayo. Ushindi huo, mkononi mwangu, na sikuwa hata nimeuomba.

"Lakini roketi ni yako," akasema Arlene. "Neno nililokupa ni lako pia. Wewe sema. Imeruka au haikuruka?"

Baba akarudi kwenye pikapu, akafunga boneti, akasimama pale ametupa mgongo. Hakutusaidia. Nikaitazama mikono ya dada yangu iliyoshika roketi, imepasuka kwa sabuni na maji ya moto, mikono ya bibi kizee kwa msichana wa miaka ishirini na moja, na nikajua aliyeipasua ni mimi. Nilimpenda. Nilitaka kusema haikuruka. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno.

"Imeruka," nikasema.

"Futi ishirini," akasema baba bila kugeuka.

"Baba, nyamaza. Imeruka, nimeiona kwa macho yangu. Dada, kafunge mizigo yako."

Arlene akakaa chini palepale kwenye nyasi zenye umande, na gauni lake la kanisani alilolivaa kwa heshima ya roketi, akalia kwa sauti. Sikuwa nimewahi kumwona akilia, hata tulipomzika mama, na sikujua mtu mzima anabembelezwaje. Nikapiga magoti, nikampangusa pua kwa pindo la gauni langu.