Igizo la Mwewe

Mafundi rangi walimwita Mwewe, na jina hilo alijipachika mwenyewe. Siku alipoomba kazi alijigamba kwamba huko juu ndiko kwake. Mwongo mkubwa! Huyo, akipanda kiti tu kubadilisha taa, magoti yanagongana. Lakini nyapara hakutaka waoga, na Mwewe aliitaka kazi. Zaidi ya kazi, alitaka watu wa kucheka nao.

Basi akawachekesha. Kulikuwa na fundi mmoja aliyewahi kushikwa na hofu juu ya jukwaa la ujenzi, akakumbatia nguzo na kulia, akafukuzwa siku hiyo hiyo. Kila mapumziko Mwewe alimwigiza: anakumbatia nguzo, anatoa macho, analia, "Jamani, nishusheni! Nina watoto mimi!" Wenzake mbavu hawana. Mtu anayechekesha hivyo, nani atauliza kwa nini kila siku anachagua kupaka milango ya chini?

Njia ya mwongo ni fupi. Asubuhi moja nyapara alimshika bega. "Leo Mwewe uruke, kaka. Ukuta wa juu kabisa ni wako."

Angefanya nini, na wote wanamtazama? Akajikaza kisabuni, akapanda, macho kayakaza kwenye vidole vyake. Kule juu ubao ukatikisika chini ya miguu yake, kidogo tu, naye akatazama chini. Hapo mwili ukamkatalia. Brashi ikamponyoka. Akaikumbatia nguzo.

"Jamani!" akapiga kelele. "Nishusheni!"

Chini wakaangua kicheko.

"Sifanyi mzaha! Haki ya mama, naanguka!"

"Leo kamwongeza na mama!" fundi mmoja alisema huku akijipiga mapaja. "Mwewe, utatuua!"

Hata nyapara, ambaye hacheki ovyo, alikuwa akifuta machozi. Mwewe aliwaona wote, vichwa vidogo, meno nje, wanampenda. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani. Akalia kweli, kwa sauti ya mtoto, na kadiri alivyolia ndivyo walivyozidi kumpigia makofi. Mikono ilikuwa imekufa ganzi. Vidole vikaanza kuachia, kimoja kimoja.

"Malizia basi!" wakamwitia kutoka chini. "Umesahau ile ya watoto!"