Jina Moja Juu ya Makala

Hermina, katibu wa Chama cha Wanakompyuta, aliingia ofisini Budapest uso umemchangamka.

"Hongera, Mwenyekiti! Halmashauri imepitisha kwa kauli moja, nishani ni yako. Na ile makala yako ya mwaka hamsini na tisa tunaichapa upya, tuwagawie wajumbe mkutanoni Szeged, Alhamisi ya wiki ijayo."

Profesa Vendel Kürthy alishukuru, kisha akageukia dirishani asionekane uso.

Makala ile ndiyo iliyomtengenezea jina. Ilieleza namna ya kuipa mashine hesabu kubwa kuliko kumbukumbu yake, kwa kuikata vipande. Lakini aliyeibuni njia hiyo ni Etelka Bodrogi, mwenzake katika taasisi, siku zile mashine ilipojaza chumba kizima na kuwatoa jasho hata Januari. Vendel alichangia mifano miwili na kupiga chapa.

Kabla haijachapwa, mkuu wa taasisi alimwita Vendel kando. "Kaka yake Etelka alitorokea ng'ambo mwaka hamsini na sita, maasi yalipozimwa. Jina la dada mtu likiwa juu, makala haitoki. Litoe, Kürthy. Utalirudisha mambo yakitulia."

Alilitoa. Mwaka haukuisha, Etelka akaachishwa kazi, na Vendel hakufungua mdomo. Mambo yakatulia kweli, wala hakulirudisha. Mwanzoni alizuiwa na woga, baadaye na sifa. Akawa profesa, akawa miongoni mwa waasisi wa chama, akawa mwenyekiti wake. Sasa miaka ishirini na minne ilikuwa imepita.

Jumamosi alipanda treni hadi Makó, ambako Etelka alifundisha hisabati sekondari. Etelka alimfungulia mlango mikono imejaa unga.

"Vendel Kürthy! Umenenepa."

"Wewe hujabadilika hata kidogo."

"Uongo hujauacha. Pita jikoni, maji yangu yanachemka."

Akaketi. Etelka aliendelea kufunika matunda ya plamu kwa donge la unga na kuzitumbukiza sufuriani moja moja. Hotuba yote Vendel aliyoipanga njiani ikamtoka kichwani.

"Wanataka kunipa nishani," alisema.

"Nimesoma gazetini."

"Nimekuja kukuomba msamaha, Etelka. Nilitaka tuyamalize kabla ya Alhamisi."

Mikono ya Etelka ikasimama. "Kabla ya Alhamisi? Basi hukuja kuomba msamaha, bwana wee. Umekuja kuomba ruhusa."

Vendel aliona masikio yakimwaka moto. Akatazama viatu vyake.

"Unajua kilichoniuma?" Etelka alisema, bila kupaza sauti. "Makala niliimeza. Ila nilipoachishwa kazi nilikuandikia barua tatu, nikikusihi uniandikie mistari miwili tu, kwamba kazi naijua. Hukunijibu hata kunikatalia."

Angeweza kusema hazikumfikia. Neno lilikuwa limeshafika ulimini.

"Nilizisoma," alisema. "Zote tatu."

Etelka alijifuta unga mikononi. "Miaka yote hii nilijipa moyo kwamba zilipotea posta."

Kisha akampakulia, kwa kuwa mgeni ni mgeni. Vendel alikula madonge mawili, akaaga bila kupewa mkono.

Alhamisi asubuhi, Szeged, alipanda jukwaani akayasema yote mbele ya wajumbe mia tatu: jina, mkuu, barua. Alipomaliza alirudi nyuma hatua moja. Halafu mmoja akapiga makofi, wengine wakafuata, mwishowe wote wakasimama. Aliinua mkono kuwazuia, nao wakazidisha.

"Una ujasiri wa ajabu, Profesa!" kijana mmoja alimwambia, machozi yakimlengalenga.

Hapo ndipo aibu ilipomshika hasa. Hata dhuluma aliyomtendea Etelka ilikuwa imegeuka sifa yake yeye. Aliiacha nishani mezani, akamwomba Hermina karatasi ya kuandikia barua ya kujiuzulu.

"Lakini Mwenyekiti, mbona hakuna aliyekutaka ujiuzulu?"

"Ndiyo maana naandika mwenyewe."

Chama kiliichapa makala upya, jina la Etelka likitangulia. Vendel alimpelekea nakala. Barua ya kuiambatanisha aliiandika mara nne na kuichana mara nne, mwishowe akatuma nakala peke yake.

Baada ya wiki mbili ikaja kadi kutoka Makó. Haikuwa na salamu.

"Mstari wa kumi na saba ulinakiliwa vibaya. Umekuwa hivyo tangu chapa ya kwanza. Nilidhani ungeona."

Vendel alikuwa ameufundisha mstari huo miaka ishirini. Wanafunzi kadhaa waliwahi kumlalamikia kwamba jibu haliji, naye akawaambia warudi wakarudie kazi yao kwa makini.

Alichonga penseli, akaketi kuupitia. Ilimchukua asubuhi nzima kuliona kosa.