Tafuta Kidole Kingine

Kazi yangu ni kufungasha lugha ya programu tuliyoiunda, ili mtu aisakinishe kwenye Windows, Mac au Linux bila kutoa machozi. Kuisakinisha kulikwenda vizuri. Balaa lilikuwa kuiondoa: kwenye Windows ilifuta folda nzima, pamoja na kazi zote ambazo mwenye kompyuta alizihifadhi humo.

"Toleo litoke leo hii," bosi akaniamuru mbele ya ofisi nzima. "Anayeiondoa si mteja wetu tena."

"Kwani mgeni akiaga, bosi, tunamvua shati mlangoni?"

Wenzangu wakainamia kibodi kuficha vicheko.

"Bonyeza kitufe cha kulitoa, au kusanya virago vyako!"

Nimeshafukuzwa kazi mara tatu; virago vyangu ni kikombe na chaja. Nikavitia mkobani, kisha nikaketi palepale, nikarekebisha mistari sita ya maagizo ya kuiondoa ili zifutwe faili tulizoleta sisi tu. Nikajaribu mbele yake. Lugha ikaondoka, kazi za watu zikabaki.

"Toleo hili nalibonyeza," nikamwambia. "Lile lako, tafuta kidole kingine."

Akatazama meza moja baada ya nyingine. Hakuna aliyeinua mkono.

Nikabonyeza.