Lifti Chini ya Tangi

Siku ile mjinga alikuwa yeye. Nehemiah mwenyewe amelikubali jambo hilo, ingawa ilimchukua wiki mbili na birika kadhaa za chai, na hata leo kisa kikisimuliwa mbele yake hutafuta haraka kitu cha kushika. Lakini tumtendee haki: ujinga ule haukumwangukia kutoka mbinguni. Aliuandaa kwa bidii, kwa futikamba na penseli nyuma ya sikio, na kwa ushauri wa watu wasio na gari.

Chanzo kilikuwa mgongo. Daktari aliitazama picha ya mgongo huo, akaguna, akamwambia mambo mawili: usilale chini, na usiiname. Kumwambia hivyo fundi wa magari ni kama kumwambia mpishi asikaribie moto. Nehemiah alikuwa akitengeneza magari nyumbani kwake, mtaa wa Kaloleni hapo Voi, akiwa chali juu ya gunia, miguu tu ikionekana nje. Mkewe Zipporah alizoea kuongea na miguu hiyo. Aliisalimia asubuhi, akaiuliza kama imekula.

Jioni ya siku ya daktari, Zipporah alitoa hukumu.

"Baba Abigael, mimi sikuolewa na miguu. Nakupa mpaka mwisho wa mwezi. Ukikosa njia ya kufanya kazi ukiwa umesimama wima, tunafunga hii gereji, tunarudi kwetu mlimani, Mwanda, tukalime kabeji."

Nehemiah hakuogopa jembe. Aliogopa kimya. Tangu ujana wake alikuwa mtu wa kuulizwa: Fundi, hii inalia nini? Fundi, hii inavuja wapi? Kabeji haimuulizi mtu kitu.

Na kule Mwanda, jamani, mgongo haukuwahi kumsumbua, maana kule mlima wenyewe ndio uliokuwa ukimnyanyulia magari. Gari lilirudishwa nyuma polepole hadi ukingoni mwa barabara, juu ya mbao mbili nene za mkaratusi, mpaka tumbo lake likaning'inia hewani. Fundi akashuka mtelemkoni, akasimama chini yake kama mtu anayechuma maembe. Jambo la kuangalia lilikuwa moja tu: magurudumu. Jiwe la kuyazuia likiteleza, gari linashuka bondeni bila dereva na linafika kabla yako. Kwa hiyo fundi wa mlimani hujifunza kutotoa macho kwenye magurudumu. Juu haangalii. Juu kuna nini? Ukungu na kunguru.

Voi nako ni tambarare kama chapati. Ukingo wa pekee aliokuwa nao Nehemiah ulikuwa ngazi tatu za jikoni, na Zipporah alishakataa habari hiyo kabla haijatajwa.

"Chimba shimo," alimshauri jirani yake, Mzee Nyongesa, mtu wa Bungoma aliyefanya kazi ya reli miaka thelathini na kustaafu bila kurudi kwao. "Gari inasimama juu, wewe unashuka ndani. Injini zote za treni nilizoziona zilitengenezwa mashimoni. Wewe ni nani ukatae shimo?"

"Katika shimo nitasimama wima," Nehemiah alikubali, akimgeukia mkewe.

"Wewe na nani?" Zipporah akauliza. "Maana siku ya pili nyoka ameshahamia. Halafu kuku wangu. Halafu wewe mwenyewe, usiku ukienda msalani bila miwani."

Shimo likafa hapo hapo.

Ndipo Nehemiah akaanza kutafuta lifti ya magari. Usicheke, kuchagua lifti ni kazi kuliko kuchagua mchumba. Mchumba unaweza kuuliza kwao. Kuna ya nguzo nne, ambayo gari hupandishwa juu ya reli mbili kama mfalme, lakini hiyo ingemeza gereji yote na nusu ya kamba ya kuanikia nguo. Kuna ya mkasi, inayojikunja chini ya gari, lakini Nehemiah alipoiona kwenye simu alisema hawezi kuingia kati ya vyuma vinavyofanana na mdomo wa mamba. Ikabaki ya nguzo mbili: nguzo huku, nguzo huku, mikono minne inashika tumbo la gari, unabonyeza swichi, gari linapaa. Katikati peupe. Fundi anatembea chini kama bwana harusi.

Muuzaji, kijana mchangamfu kwa jina Festus, alikuwa na duka lake Mombasa na sauti ya mtu anayependwa na mama yake. Alimuuliza Nehemiah maswali kwa simu, na Nehemiah akayajibu yote kwa fahari. Umeme ni wa nyumbani? Wa nyumbani. Sakafu ni ya simiti nene? Nene, ya inchi sita, na chuma ndani. Boliti zitashika? Zitashika mpaka Yesu arudi.

"Na dari, mzee? Juu kuna nafasi?"

Hapo ndipo ujinga ulipotoa kichwa. Gereji ile ilikuwa na dari la zege, kwa sababu mwenye nyumba wa kwanza alikusudia kujenga ghorofa, akaishia kwenye kusudi. Juu ya zege hilo Zipporah aliweka tangi lake la maji, kubwa, jeusi, maana maji ya mferejini huja yakipenda, na yeye hataki kuishi kwa kubahatisha. Nehemiah alipanda juu ya stuli, akapima kutoka sakafuni hadi darini: futi tisa na nusu. Nguzo za lifti: futi tisa na inchi tatu.

"Inaingia!" alipiga kelele kwenye simu. "Na inabaki inchi tatu!"

"Sawa mzee, lakini gari lenyewe..."

"Gari ziko nyingi, usijali."

Simu ikakatwa kwa furaha.

Lifti ikaja, ikafungwa, ikapakwa grisi. Siku tatu kabla ya mwisho wa mwezi, Jumamosi asubuhi, ikawa tayari kuzinduliwa. Na sisi watu wa huku hatuwashi hata jiko jipya bila maombi, sembuse chuma kirefu kumpita mtu. Nehemiah alimwita Mchungaji Zephaniah aombe, na kwa heshima akaomba gari la mchungaji liwe la kwanza kupanda. Mchungaji alikuwa na Probox yenye keria ya chuma juu, ya kubebea spika za mikutano ya injili, na safari yake siku hiyo ilikuwa Kasigau, ambako bibi na bwana harusi walikuwa wakimngoja saa saba.

"Dakika kumi tu, Mchungaji," Nehemiah alimwambia. "Nitakukazia na ile ekzosi ya moshi iliyolegea. Kwa barabara ya Kasigau, itakuangukia njiani."

Mtaa mzima ulikuja. Waliokuwa wakienda sokoni wakaweka vikapu chini. Mchungaji aliombea nguzo ya kulia, akaombea nguzo ya kushoto, akaombea mikono iliyoitengeneza na mgongo utakaopona. Amina ikaitikiwa. Nehemiah, katika ovaroli iliyopigwa pasi, akainua kidole ili wote wakione, akakishusha kwenye swichi.

Mota ikanguruma. Probox ikaachana na ardhi. Akina mama wakapiga vigelegele.

"Juu!" watu wakapaza sauti. "Juu! Juu!"

Na Nehemiah, mtoto wa milimani, macho yake yalikuwa wapi? Kwenye magurudumu.

Kwaa!

Keria ikakutana na zege. Mota ikapandisha sauti, keria ikajikunja kidogo, na ndani ya nguzo komeo za usalama, zinazolizuia gari lisianguke, zikajibana, kla, kla. Kutoka juu ikasikika sauti ya maji yakienda upande mmoja na kurudi. Nehemiah akatoa kidole kwenye swichi kama aliyeguswa na makaa.

"Tangi limepiga chafya," Mzee Nyongesa akatangaza.

Zipporah alitoka nje, akalitazama tangi, akarudi, akakunja mikono. Hilo lilikuwa baya kuliko kelele.

"Mpango uko sawa," Nehemiah alisema, ingawa hakuna aliyeuliza. "Hapa ndipo nilipotaka ifike."

Alijaribu kuishusha. Haikushuka. Akajaribu tena, kwa upole, kisha kwa maneno ambayo mchungaji alijifanya hakuyasikia. Mwisho akampigia Festus.

"Rahisi, mzee," Festus akasema. "Hizo komeo hazifunguki mpaka gari lipande kidogo kwanza. Pandisha inchi moja tu, vuta kamba ya kuzifungua, halafu shusha."

"Haiwezi kupanda."

"Kwa nini?"

Nehemiah akatazama pembeni, akashusha sauti. "Kuna dari."

Kutoka Mombasa ikaja sauti kama ya mtu aliyeficha kicheko kwenye mto wa kulalia.

"Fundi," Mchungaji Zephaniah akasema, saa mkononi, "kanzu yangu iko humo ndani. Na kitabu cha vyeti. Nikifika Kasigau hivi nilivyo, nitawafungisha ndoa kwa maneno matupu."

"Vunja zege!" mmoja wa watazamaji akashauri.

"Na maji yangu utayabeba kwa kofia?" Zipporah akamuuliza, na mtu huyo akakumbuka kikapu chake.

"Ningekuwa mimi," Mzee Nyongesa akasema, "ningechimba shimo. Hata sasa. Unashusha sakafu badala ya gari."

"Mzee, nyamaza na shimo lako!"

"Mimi nasema tu. Treni haijawahi kugonga dari."

Nehemiah alihisi jasho likimshuka mpaka ndani ya soksi. Alichokiona si Probox tena. Aliona kabeji, mstari baada ya mstari, zimenyamaza kwenye ukungu. Akaamua kujitetea kwa vitendo. Alivuta kigoda cha jikoni, akakiweka chini ya gari, akaketi, maana mahali palipobaki palimfika kifuani na kusimama kusingewezekana. Akatoa spana, akaanza kukaza ekzosi.

"Mama Abigael! Tazama! Nimelala?"

"Hujalala."

"Basi?"

"Umeketi kama mtu anayekamua ng'ombe wa chuma. Mimi nilisema wima."

Watu walicheka mpaka mmoja akaegemea nguzo, akakumbuka kilichokuwa juu yake, akaondoka kwenye nguzo.

Zipporah akasogea. Akazunguka gari mara moja, taratibu, kama mtu anayenunua mbuzi. Akasimama ubavuni, akainua shingo.

"Hii keria," akasema, "Probox ilizaliwa nayo?"

"Hapana," mchungaji akajibu. "Niliifunga mimi. Kwa boliti sita."

"Na boliti hufunguliwa na nini?"

Nehemiah aliitazama spana iliyokuwa mkononi mwake. Namba kumi. Alikuwa fundi kwa miaka thelathini na moja, na kwa dakika arobaini alikuwa ametembea na dawa ya ugonjwa wake kama mtu aliyebeba ua.

Ngazi ililetwa. Boliti sita zikatoka, keria ikavutwa kwa ubavu ikikwaruza zege, na kukawa na nafasi ya kutosha mkono kupita. Nehemiah akabonyeza swichi, safari hii macho yote mawili juu. Gari likapanda inchi moja. Akavuta kamba, komeo zikaachia, na Probox ikashuka polepole mpaka chini, ikakaa kwenye magurudumu yake kama kuku aliyerudi kwenye mayai. Vigelegele vilikuwa vikubwa kuliko vya mwanzo. Mchungaji akaruka ndani, keria ikasukumwa nyuma ya viti, akaondoka akiacha vumbi jekundu na Amina moja iliyokatika katikati.

Watu hawakuondoka. Kisa kizuri hakiachwi hivi hivi, na chai ilikuwa tayari. Nehemiah akaketi kwenye ngazi za jikoni akisubiri hukumu. Zipporah alimimina chai ya wageni kwanza, ya Mzee Nyongesa pili, ya mumewe mwisho.

"Lifti ni nzuri," akasema.

Nehemiah akainua kichwa.

"Imenyanyua gari kama kikapu. Nimeona. Ikipata nafasi juu, utasimama chini yake wima. Kwa hiyo kabeji zingoje."

"Mama Abigael, nilijua! Nilisema lifti haina kosa! Kosa ni la dari. Tukitoa tangi, tukibomoa hapo juu, tukiinua kuta futi tatu..."

"Tangi halitoki. Lifti ndiyo inatoka. Utaifunga nje, pale karibu na lango. Hakuna dari pale. Na hii gereji naichukua mimi niweke mahindi."

"Nje?" Nehemiah akasimama, chai ikamwagikia ovaroli. "Kwenye jua la Voi?"

"Utavaa kofia."

"Na mvua je?"

"Ya mwaka gani?"

Mzee Nyongesa akakohoa ndani ya kikombe. Nehemiah akaona anashindwa, akatoa hoja yake ya mwisho, ile kubwa, aliyokuwa ameificha chini ya zingine zote.

"Lakini Mama Abigael, fikiria heshima yangu! Pale langoni kila mtu anapita. Fundi mzima, na lifti yangu uwanjani kama mlingoti wa bendera! Watu watasema nini?"

Zipporah alitazama ule umati uliojaa uani, vikombe mikononi, wengine bado wakijifuta machozi.

"Niambie wewe, Baba Abigael. Kimebaki kipi ambacho hawajakisema leo?"